Giza liache, chonga nuru: kadi za sikukuu kwa chapa ya ubao

Kila mwaka, majuma sita kabla ya sikukuu, huondoa kila kitu mezani, nikanoa visu vyangu, nikachagua kipande cha ubao kinachoenea kiganjani. Kutoka kwenye kipande hicho kimoja hutoka kadi 40, zote za mama mmoja, na bado hakuna mbili zinazofanana kabisa. Nimeifanya kazi hii kwa miaka 11 sasa. Nitakueleza ninavyoifanya, kwa kutumia kadi ya mwaka jana: kandili inayoning'inia kwenye tawi, usiku, na nyota chache juu yake.

Kabla hujashika kisu, kuna jambo moja la kulielewa, maana mengine yote yanalitegemea. Ukichora kwa kalamu unaongeza weusi kwenye karatasi nyeupe. Ukichonga ubao, mambo yanageuka. Ubao ambao haujaguswa, ukipakwa wino na kukandamizwa karatasi, hutoa mstatili mweusi ti. Kila unachokiondoa ndicho kitakachokuwa cheupe. Kwa hiyo mkono wako hauchongi kandili. Unachonga nuru yake tu, na usiku unauacha kama ulivyoukuta. Anayeanza huhangaika kuchonga kila kitu, majani, magome, mawe ya ukuta, hadi ubao mzima unakuwa mistari mitupu na jicho halina pa kutua. Robo tatu ya ubao wangu wa mwaka jana haikuguswa na kisu wala patasi. Ni kadi ambayo watu wengi wameniambia wameiweka ukutani.

Vipimo na mchoro

Anza na bahasha, kisha urudi nyuma. Bahasha ya C6 ina milimita 114 kwa 162. Karatasi ya A5 ikikunjwa katikati inakuwa A6, yaani milimita 105 kwa 148, na inaingia humo bila kubanwa. Ubao wangu basi una upana wa sentimita 8 na urefu wa sentimita 11. Nikiupanga vizuri kwenye uso wa kadi napata ukingo mweupe wa milimita 12 na nusu kila upande, milimita 14 juu, na milimita 24 chini. Ule ukingo mpana wa chini si uzembe. Picha iliyo katikati kabisa ya karatasi huonekana kama inateleza kwenda chini, na pia ndipo ninapoweka saini.

Chora kwa ukubwa uleule wa ubao, tena kwa kalamu nene ya wino mweusi, si kwa penseli. Penseli inakudanganya kwa kijivu, na ubao haujui kijivu. Ukitaka kijivu utakipata kwa mistari iliyokaribiana, nyeupe na nyeusi kwa zamu. Mstari mwembamba kuliko milimita moja usiutie kwenye ubao wako wa kwanza. Nikimaliza mchoro naubandika ukutani na kurudi nyuma hatua nne. Kama kutoka pale bado naona kandili, mchoro umekubali. Nikiona madoadoa, narudia.

Picha itakayochapwa hutoka imegeuka, kushoto kuwa kulia, kama unavyojiona kwenye kioo. Mwaka wangu wa kwanza nilichonga maneno HERI YA SIKUKUU kwa jioni tatu, herufi moja moja, nikiwa nimeinamia meza hadi shingo inauma. Nilipoinua karatasi ya kwanza nikakuta maneno yote yanasomeka kinyume. Niliumia kweli, maana hakuna marekebisho kwa kosa la namna hiyo, na ubao ule ulikuwa umechongwa kwa uangalifu kuliko wowote niliofanya baadaye kwa miaka miwili. Dawa yake ni rahisi. Chora maneno yanavyosomeka kwenye karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, kisha ilaze karatasi kifudifudi juu ya ubao, na unakili kile unachokiona kwa nyuma. Weka karatasi ya kaboni katikati, upande wa kaboni ukitazama ubao, ushikize kona mbili kwa selotepu ili uweze kuinua na kuchungulia. Siku hizi maneno siyachongi. Huyaandika kwa mkono ndani ya kadi, kwa kila mtu yake.

Mchoro ukishanakiliwa, upitie kwa kalamu ya wino usiofutika kwa maji. Kisha paka ubao mzima rangi nyepesi sana, mimi natumia wino mwekundu uliozimuliwa kwa maji hadi ukawa kama maji ya tope, na uache ukauke. Usiache maji yakatuama juu ya ubao; futa mara moja. Hatua hii wengi huiruka na kuijutia. Ubao ukiwa mwekundu, kila unapochonga panatokea weupe wa mbao mbichi, na unaiona kadi yako ikizaliwa mbele ya macho badala ya kubahatisha.

Ubao wenyewe

Chapa ninayoizungumzia huchongwa kwenye uso wa ubao, yaani ubao uliopasuliwa kwa kufuata urefu wa mti. Iko nyingine inayochongwa kwenye kichwa cha gogo, pale unapoona miduara ya umri wa mti, na hiyo ina vyombo vyake na ustadi wake. Yetu ni ya zamani zaidi. Kitabu cha kale kuliko vyote vilivyochapwa, kikabaki hadi leo na kikiwa na tarehe yake ndani, kilitoka China mwaka 868, na kinafunguka kwa picha iliyochongwa kwenye ubao.

Wajapani walipenda mti wa cheri, kwa kuwa ni mgumu, nyuzi zake zimeshikana, na huvumilia maelfu ya chapa. Mti wa peasi nao una tabia hiyo. Lakini mkono mgeni utachoka kabla hujafika katikati. Anza na plaiwudi nzuri ya linden au ya bechi, unene wa milimita 6 hadi 9, yenye uso laini usio na mafundo. Msonobari sikushauri kwa kazi ya mistari midogo. Nyuzi zake ni ngumu na laini kwa zamu. Kisu kinazama kwenye laini, kisha kinagonga ngumu na kuruka mahali usipokusudia.

Sugua uso kwa msasa mwembamba, namba 240 kisha 400, ukifuata nyuzi. Kisha funga macho na upitishe vidole. Kidole huona kasoro ambayo jicho limeikosa, na kila mkwaruzo utakaouacha utatokea kwenye usiku wako kama mstari mweupe. Wakati mwingine ndivyo unavyotaka. Mchoraji wa Norway, Edvard Munch, aliziacha nyuzi za mbao zionekane kwenye chapa zake zikawa sehemu ya picha. Nami mwaka jana, badala ya msasa, nilisugua sehemu ya juu ya ubao kwa brashi ya waya, kwa kufuata nyuzi, mara thelathini hivi. Sehemu laini zikaondoka, ngumu zikabaki zimeinuka, na anga langu likapata mawimbi hafifu ambayo nisingeweza kuyachora kwa mkono. Jaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni.

Vyombo, na namna ya kuvifanya vipate

Vinne vinatosha. Kisu cha kuchongea chenye ncha iliyokatwa mshazari, patasi ndogo ya umbo la V, patasi ya mdomo wa mviringo yenye upana wa milimita 3, na nyingine pana ya milimita 8 kwa kusafisha maeneo makubwa. Usivutwe na seti za vyombo kumi na viwili. Bora vinne vya chuma kizuri.

Miaka miwili ya mwanzo niliamini mikono yangu haina nguvu. Kila jioni viganja viliwaka moto na kingo za mistari yangu zilikuwa zimeraruka. Kuna mzee seremala ambaye namwita Babu ingawa hatuna udugu wa damu. Siku moja alisimama nyuma yangu, akanitazama kwa muda bila kusema kitu, kisha akanyoosha mkono.

"Mjukuu wangu, unasukuma mno. Lete hicho chombo."

Akakijaribu kwenye ukucha wa kidole gumba. Kikateleza.

"Hakipati hiki. Unauponda ubao, huukati."

Akaketi, akalowesha kinoo, akaanza. Aliulaza mshazari wa kisu juu ya jiwe hadi ukakaa bapa wote, akausukuma mbele na kuurudisha bila kubadili pembe hata kidogo. Baada ya dakika chache alipitisha kidole upande wa pili wa makali, akanipa na mimi nipitishe: palikuwa na ukingo mdogo sana wa chuma uliopinda, kama unywele. Ukiusikia huo, alisema, ujue umefika kwenye makali. Sasa geuza uuondoe. Akamaliza kwa kukiburuta kisu juu ya kipande cha ngozi, mara ishirini, kila mara akivuta kuelekea nyuma na si mbele, ili makali yasiikate ngozi. Aliponirudishia, kisu kiliingia kwenye ubao na kutoa mlio mwembamba, na maranda yakajikunja kama nywele. Nilitaka kulia.

Tangu siku hiyo, kinoo cha namba 1000 na kipande cha ngozi kilichopakwa dawa ya kung'arishia vyuma havitoki mezani. Kila dakika ishirini za kuchonga nasimama, nakivuta chombo kwenye ngozi mara kumi kila upande, naendelea. Kwa patasi za mviringo zungusha kifundo cha mkono unapovuta, ili mdomo wote uguse ngozi, na upande wa ndani usugue kwa ngozi iliyokunjwa. Jaribio langu ni hili: kata mfereji mmoja ukikingama nyuzi kwenye ubao laini. Mfereji ukitoka unang'aa na kingo zimesimama, chombo kinapata. Ukiwa na manyoya manyoya, rudi kwenye jiwe.

Kuchonga

Ubao unahitaji kitu cha kuuzuia. Tengeneza kibao chenye mbavu mbili: moja kwa chini inayoshika ukingo wa meza, nyingine kwa juu ambayo ubao unaiegemea. Mkono usioshika chombo ukae nyuma ya makali kila wakati, wala usiwe mbele hata kwa kitambo kidogo. Kovu nililo nalo kwenye kidole cha shahada lilitokana na sekunde moja tu.

Anza kwa kisu, kandokando ya mistari unayotaka ibaki. Kisu kisisimame wima. Kilaze kidogo ili makali yawe kwenye mstari na mwili wa kisu uegemee juu ya mstari wenyewe. Hivyo mkato unapozama unakwenda mbali na mstari, na mstari unabaki na kitako kipana kuliko kilele, kama kilima. Ukikata kwa kuingia chini ya mstari, utasimama kama ukuta uliochimbwa msingi, na chapa ya kumi utauvunja. Baada ya mkato wa kwanza, geuza ubao, kata mara ya pili milimita moja au mbili kutoka pale, ukiinamisha kisu kuelekea mkato wa kwanza. Mikato miwili ikikutana chini, uzi wa mbao wenye pembe tatu unanyanyuka wenyewe. Mstari wote ukishazungukwa na mfereji huo, ndipo patasi zinapoingia kusafisha yaliyobaki. Ule mfereji ni kinga: ufa ukija mbio kutoka kwenye patasi utaishia hapo.

Kwenye mviringo, kama tumbo la kandili, mkono wa kisu utulie na mkono wa pili ndio uzungushe ubao. Utahisi nyuzi zikibadilika chini ya makali: upande mmoja wa duara zinakusindikiza, upande wa pili zinataka kukuvuta nje ya njia. Unapohisi kuvutwa, simama hapohapo, geuza ubao, uje kutoka upande wa pili. Ubishi na nyuzi haujawahi kunisaidia hata siku moja.

Kina kiwe milimita 1 hadi 2 karibu na mistari, na kama 3 kwenye maeneo mapana ya weupe, kwa kuwa katikati ya eneo pana karatasi huzama na kugusa chini. Alama ndogo za patasi zitakazobaki humo zitashika wino na kuchapa vijistari. Mimi huviacha vichache kuzunguka mwali wa taa, vyote vikielekea nje, hivyo vinakuwa miale. Hapa ndipo penye raha kuu ya kazi hii kwangu. Miale ya kandili ile niliichonga kwa patasi ya V, nikianzia karibu na kioo kwa kukandamiza kidogo, kisha nikipunguza nguvu taratibu hadi chombo kikaelea na kutoka chenyewe kwenye ubao. Kila mwale ukawa mpana kwenye taa na kuishia na ncha ya sindano gizani. Ni pigo moja kwa mwale mmoja, bila kurudia. Nilijaribu kwenye kipande cha pembeni mara hamsini kabla ya kugusa ubao wenyewe.

Maranda usiyapulize wala usiyafagie hadi umalize kikao. Kishikio cha kandili yangu, mstari wa milimita moja na nusu, kilikatika nikiwa nasafisha kandokando yake. Kwa kuwa maranda yote yalikuwa bado mezani, nilikipata kipande, nikakirudisha kwa tone la gundi ya mbao kwenye ncha ya kijiti, nikakibana kwa selotepu usiku kucha. Kwenye kadi huoni kitu.

Wino na chapa

Kwa mwanzo chukua wino mweusi wa mafuta wa kuchapia, ule uliotengenezwa mahsusi kwa chapa za mkono. Wino wa maji unakauka haraka mno kwenye ubao na huulowesha. Weka kiasi cha punje mbili tatu za maharage juu ya kipande cha kioo, uukande kwa kisu bapa hadi ulegee, kisha uutandaze kwa rola ya mpira huku na huko, ukiinua rola kila mwisho wa mwendo ili izunguke. Hapa tumia masikio. Wino ukiwa mwingi, rola inanata na kutoa mlio mzito wa mate mate, na juu ya kioo unaona matuta kama ganda la chungwa. Ukiwa sawa, mlio ni laini, kama hariri inayokwaruzwa, na uso wa wino unafanana na mahameli. Mlio ule ndio kipimo changu; sijaona kingine kinachoushinda.

Pitisha rola juu ya ubao mara nyingi kwa wino kidogo, wala si mara moja kwa wino mwingi. Wino ukizidi unateremka kwenye mifereji na miale yako myembamba inazibwa. Chapa mbili au tatu za kwanza zitatoka hafifu kwa sababu mbao mbichi inakunywa. Zifanyie kwenye karatasi za ovyo, na uzitumie kutafuta makosa. Kwenye chapa ya kwanza ya kandili niliona nyota moja haionekani vizuri. Nikasafisha wino, nikaongeza pigo moja la patasi.

Karatasi nene ya kadi, ya gramu 250 kwa mita ya mraba, ni ngumu kuichapa kwa mkono bila mashine. Njia yangu ni kuchapa kwenye karatasi nyembamba na imara, gramu 40 hadi 80. Zile za Kijapani zinazotengenezwa kwa magome ya mforsadi wa karatasi ni nzuri kupita kiasi, kwani nyuzi zake ni ndefu, hazipasuki, na zinapokea wino kwa hamu. Zikishakauka nazibandika kwenye kadi nene iliyokunjwa, kwa mstari mwembamba wa gundi kwenye ukingo wa juu tu. Karatasi inabaki huru kwa chini, na mtu akishika kadi inatikisika kidogo. Nikibandika hivyo, karatasi naikata iwe na upana wa milimita 97 tu, isifike kwenye kingo za kadi.

Ili kila picha ikae mahali pamoja, gundisha kwenye kibao kona ya L iliyokatwa kwenye plaiwudi ileile ya ubao wako, ili iwe na kimo kimoja nao. Ubao unaingia kwenye kona hiyo na kutulia. Juu ya L hiyo gundisha L ya pili ya kadibodi nyembamba, nje zaidi kwa upana wa ukingo mweupe unaoutaka. Karatasi inaanzia hapo. Wachapaji wa Japani walichonga vituo viwili kwenye ubao wenyewe, kimoja cha kona na kimoja cha mstari, wakaweza kulinganisha mbao kumi na zaidi kwenye picha moja bila rangi kuachana. Kwa rangi moja L mbili zinatosha. Kumbuka tu kwamba karatasi imelala kifudifudi, hivyo upande wake wa kushoto ndio utakaokuwa kulia.

Shika karatasi kwa pembe mbili zinazotazamana, telezesha kona moja hadi igote kwenye kadibodi, kisha iachie taratibu. Ikishagusa wino usiisogeze, hata ikiwa imepinda. Weka juu yake karatasi laini ya kuokea mikate, halafu sugua kwa mgongo wa mwiko. Wajapani wana kidude chao cha mviringo, baren, kilichofungwa kwa ganda la mwanzi, na kinafaa sana. Mwiko wangu umenitumikia miaka yote 11 na mgongo wake sasa unang'aa kama kioo. Anzia katikati, kwa miduara midogo, ukienda nje. Kwenye weusi mpana kandamiza kwa uzito wa bega. Kwenye miale legeza mkono, vinginevyo karatasi inazama mferejini na kubeba wino usiotakiwa. Kisha bana nusu moja kwa kiganja, inua kona ya upande wa pili, uchungulie. Ukiona weusi una chembe nyeupe kama chumvi iliyomwagika, rudisha kona na usugue tena, au ongeza wino kidogo kwenye ubao na urudishe. Kadi moja hunichukua dakika tano. Zote 40 nazifanya kwa jioni mbili, na nachapa 46 ili nipate 40 za kutoa.

Mwali wa taa unahitaji rangi. Unaweza kuchonga ubao wa pili mdogo kwa ajili ya njano peke yake, ukauchapa kwanza kabla ya mweusi, kwa kuwa rangi nyepesi hutangulia. Mimi husubiri wino wa mafuta ukauke kabisa, nikatia tone moja la rangi ya maji ya njano kwa brashi. Rangi ya maji haiuyeyushi wino wa mafuta, na kila mwali unakuwa na umbo lake.

Baada ya chapa

Tundika chapa kwa vibanio kwenye kamba, zisigusane. Siku tatu hadi tano kwa kawaida zinatosha, lakini penye unyevu hewani, au wino ukiwa mnene, juma zima linaweza kupita. Gusa weusi kwa upande wa kidole. Ukinata hata kidogo, subiri. Ndiyo sababu ya yale majuma sita niliyoyataja: mawili ya mchoro na ubao, moja na nusu la kuchonga, moja la kuchapa, na yaliyobaki ni ya kukausha, kubandika na kuandika. Zikikauka zilaze chini ya vitabu vizito usiku mmoja, kati ya karatasi safi. Kisha kwa penseli, chini kushoto ya picha, andika namba ya chapa na jumla, kwa mfano 7/40, na saini yako kulia. Penseli haichuji wala haififii.

Ubao usiuoshe kwa maji. Chapa kwenye magazeti makuukuu hadi wino uishe, kisha futa kwa kitambaa chenye matone machache ya mafuta ya kupikia, na ukaushe kwa kitambaa kingine. Hapa nakuomba uwe makini sana. Wino mwingi wa mafuta una mafuta ya kitani ndani yake, na vitambaa vyenye mafuta hayo vikifinyangwa pamoja na kutupwa kwenye kapu vinaweza kupata joto vyenyewe hadi vikashika moto. Vitandaze nje kimoja kimoja vikauke, au viloweshe maji na uvifungie kwenye kopo la bati.

Ubao wa kandili nimeufunga kwa karatasi na kuuweka umelala bapa, mbali na jua, juu ya wenzake kumi. Nyuma yake nimeandika mwaka, idadi ya chapa, na alama ndogo ya mshale kuonyesha ni kona gani ya kishikio niliyoigundisha, ili mwakani nikitaka kuchapa nyingine nijue mahali pa kupitisha rola kwa upole.